Senta beringi ya propela: kabla ya kununua mpya, tafuta kilichoiua ya zamani

Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, hasa likiwa na mzigo au likipanda mlima, kisha mtetemo ukapotea likishika mwendo wa 30 au 40, wa kwanza kushukiwa huwa ni klachi. Mara nyingine kweli ni klachi. Lakini kama gari ni Hiace, Hilux ndefu, Canter au lolote ambalo propela yake (shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi nyuma) ni vipande viwili, ingia chini kwanza ukaiangalie senta beringi. Kushusha gia boksi ni kazi ya siku nzima. Kuangalia senta beringi kunataka tochi na dakika tano.

Propela hukatwa vipande viwili kwa sababu bomba refu likizungushwa kwa kasi huanza kupinda katikati, kama kamba ya kurukia watoto. Na kasi si ndogo. Chukua tairi ambalo mzunguko wake mmoja ni mita 2.2, na difu (gia za katikati ya ekseli ya nyuma) yenye uwiano wa 4.1. Gari likiwa kilomita 80 kwa saa, tairi linazunguka kama mara 606 kwa dakika, na propela karibu mara 2,500. Bomba moja la kutoka gia boksi hadi difu ya gari refu lingefika mahali pa kujipinda lenyewe. Likikatwa vipande viwili, kila kipande kinakuwa kifupi na kigumu, lakini pale katikati panahitaji kitu cha kukishikilia. Hicho ndicho senta beringi: beringi ya gololi, imezungukwa na mpira, na mpira umebanwa na braketi inayoning'inia kwenye chasisi.

Watu wengi huhesabu beringi na kuusahau mpira, ilhali mpira ndio unaokufa kwanza mara nyingi. Kazi yake ni kuiacha propela isogee kidogo bila kupeleka kila mshtuko kwenye chasisi. Ukichanika, beringi inaweza kuwa nzima kabisa na gari bado likatetemeka vibaya kwenye kuondoka.

Kuitambua bila kubahatisha

Dalili ni mbili, na kila moja inasema kitu chake. Mtetemo mzito wa kuondoka, unaokuja ukikanyaga mafuta na kupungua ukiachia, unaelekeza kwenye mpira uliochanika au pembe mbaya za propela. Mlio wa kusaga au wa mvumo unaopanda na mwendo, uwe umekanyaga mafuta au umeachia, unaelekeza kwenye gololi zenyewe. Vyote viwili vikiwa pamoja, mpira umechanika siku nyingi na beringi imepigwa hadi ikaharibika.

Usichanganye na tairi. Kwa hesabu ya hapo juu, tairi lisilo na balansi kwenye 80 hutikisa mara 10 kwa sekunde. Propela hutikisa zaidi ya mara 40. La tairi ni mtikisiko unaouona kwenye usukani, karibu unaweza kuuhesabu. La propela ni mvumo, unausikia kwenye sakafu na kwenye kiti. Jaribio lingine rahisi: ukiwa barabara tambarare isiyo na magari, fika kwenye mwendo wenye mvumo, weka nutro, acha gari liserereke. Mvumo ukibaki vilevile, achana na injini na klachi. Tatizo liko nyuma ya gia boksi.

Kisha ingia chini. Gari liwe sehemu tambarare, magurudumu ya mbele yamezuiwa mbele na nyuma. Ukiinua nyuma, weka stendi chini ya ekseli, si chini ya chasisi. Chasisi ikiinuliwa na ekseli ikining'inia, springi zinanyooka, pembe za propela zinakuwa za uongo na utaona makosa ambayo hayapo. Na kamwe usimwache mtu awashe injini na kuingiza gia huku wewe uko chini. Propela ya kuzungushwa kwa mkono inatosha.

Shika propela kwa mikono miwili karibu na senta beringi, isukume juu, chini, kushoto na kulia. Itasogea, mpira umetengenezwa ulegee, kwa hiyo usikimbilie kusema imekufa. Unachotafuta ni kama inarudi mahali pake yenyewe. Nzima hurudi taratibu. Iliyokufa hukaa pale ulipoiacha, au hugonga chuma cha braketi. Mulika tochi kuzunguka mpira wote huku msaidizi akisukuma juu kwa mtaimbo, maana ufa hujificha upande wa juu, ambako mchanga hutulia na jicho halifiki. Halafu zungusha propela taratibu huku kiganja kiko kwenye braketi. Gololi zenye kutu au mabonde utazihisi mkononi kama changarawe.

Kilichoiua

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae muda mrefu, kwa sababu gari linalorudi gereji kila baada ya miezi mitatu kubadilishiwa senta beringi halina tatizo la senta beringi. Lina tatizo jingine ambalo senta beringi inalilipia.

Anza na krosi, kile kiungo cha umbo la msalaba kinachoiruhusu propela ijikunje. Krosi inapofanya kazi kwa pembe, upande mmoja wa shafti huzunguka kwa kasi isiyobadilika na wa pili huharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili hulirekebisha hilo, mradi masikio (uma zinazoshika krosi) yamepangika na pembe zinalingana. Krosi moja ikikauka grisi na kukwama, propela inakuwa kama mkono usiokunjika kiwiko: mzigo wote wa kupinda unahamia katikati. Kunja kila krosi kwa mkono pande zote mbili. Ikikwama katikati kisha ikaachia kama inaingia kwenye shimo, vikombe vyake vimeshachimbika. Ikicheza, pia imekwisha: vitabu vya Toyota vinaruhusu mchezo wa chini ya milimita 0.05 kwenye krosi, na mchezo mdogo hivyo mkono hauuhisi. Kwa hiyo mchezo wowote unaouhisi ni mwingi mno.

Pili, maunti ya gia boksi. Mpira wake ukibonyea, mkia wa gia boksi unashuka na kuvuta kipande cha mbele cha propela nje ya mstari wake. Weka jeki chini ya gia boksi na kipande cha mbao kati yake, inua kidogo tu. Chuma cha juu kikiachana na mpira, badilisha maunti siku hiyohiyo.

Tatu, springi, na hili ni la pikapu na Canter za mizigo zaidi kuliko la daladala. Mtu anaongeza majani mawili ya springi ili gari libebe zaidi, nyuma inapanda, na pembe ya krosi ya kati inakua. Krosi yenye pembe kubwa ikibeba nguvu huisukuma senta beringi mara mbili kila mzunguko, na kadiri nguvu inavyokuwa kubwa ndivyo msukumo unavyokuwa mkubwa. Ndiyo sababu mtetemo unakuja kwenye kuondoka: gia ya kwanza inatoa nguvu kubwa kuliko zote, na wakati huohuo springi zinajipinda na pua ya difu inainuka, pembe inazidi. Bolti za U zinazoshika ekseli zikilegea, pua ya difu hucheza zaidi. Kwa hiyo zikaze na uziangalie. Gari lililoongezwa majani na likabaki linatembea tupu siku nyingi litakula senta beringi hata ukiweka ya aina gani.

Nne, oili. Sili ya nyuma ya gia boksi ikivuja, oili hurushwa na propela inayozunguka na kuishia kwenye mpira. Mpira ukinywa oili huvimba, hulegea kama mkate uliolowa, kisha huchanika. Ukikuta mpira umelainika na unatelezesha kidole, usiondoke bila kubadilisha ile sili.

Tano, meno ya shafti yanayoteleza. Ekseli ikipanda na kushuka, urefu wa propela lazima ubadilike, na kazi hiyo hufanywa na meno yanayotelezana. Yakikauka grisi hukwama, na propela husukuma braketi mbele na nyuma. Mpira ulioraruka kwa mbele au kwa nyuma, badala ya juu au chini, mara nyingi unasimulia habari hiyo.

Mwisho ni maji na matope. Gari linalopita mitoni au barabara za mashamba wakati wa masika litaua gololi mapema, na hapo huna wa kumlaumu. Lakini angalia kama vikinga vumbi vya chuma pande mbili za beringi vipo. Mafundi wengi huvitupa vikishapinda, na beringi inayofuata hukaa wazi.

Kununua

Nunua iliyo kamili: beringi, mpira na braketi kwa pamoja. Kuna wanaokwangua beringi ya zamani na kupachika mpya ndani ya mpira wa zamani. Inawezekana tu kama mpira bado mzima, na kwa gari ambalo limeshatetemeka miezi kadhaa mpira mzima ni nadra.

Nenda dukani na iliyotoka kwenye gari, au na vipimo vilivyochukuliwa kwa vernia: tundu la ndani la beringi, upana wake, umbali kati ya matundu mawili ya bolti za braketi, na kimo kutoka kwenye matundu hayo hadi katikati ya beringi. Kimo ndicho kinachowaponza watu. Senta beringi mbili zinaweza kulingana tundu na matundu ya bolti, lakini moja ikawa fupi kwa milimita tano. Itafunga vizuri na kuharibu pembe zote.

Namba iliyochongwa kwenye beringi inasomeka hivi: tarakimu mbili za mwisho zidisha kwa 5 upate tundu la ndani kwa milimita. Yenye 6206 ina tundu la 30, kipenyo cha nje 62 na upana 16. Yenye 6207 ni 35, 72 na 17. Herufi 2RS maana yake ina vifuniko vya mpira pande mbili, ZZ ni vya bati. Kwa barabara zetu za vumbi na tope, 2RS ndiyo ya kutafuta. Bati huacha mwanya.

Iwe ni Kariakoo ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi au Kisekka ya Kampala, kuna za bei nafuu zinazofanana kwa macho na za bei kubwa. Ishike mkononi. Zungusha tundu la ndani kwa kidole: iende kwa uzito laini wa grisi. Ikizunguka kwa wepesi na kelele kama ya gurudumu la mtoto, ndani kuna grisi kidogo au hakuna. Bonyeza mpira kwa kucha, uinuke mara moja. Pembeni, pale mpira ulipogandishwa na chuma, pasiwe na mwanya hata mdogo. Nunua na nati mpya ya katikati, ile inayobana beringi kwenye shafti, kwa sababu ya zamani imegongwa ukingo wake ili isifunguke na haifai kurudiwa. Ukiwa hapohapo, chukua krosi za kubadilisha kama zile ulizokunja hazikukuridhisha. Propela inashushwa mara moja. Usiishushe tena mwezi ujao.

Kushusha

Weka alama kabla ya kugusa spana yoyote. Propela ilibalansiwa kiwandani ikiwa imeunganishwa, na kila kipande kinajua jirani yake. Alama ziwe mahali pote patakapoachana, hasa kwenye flenji (sahani za bolti zinazounganisha vipande): flenji ya difu na flenji ya propela, flenji ya katikati na kipande cha nyuma, flenji ya katikati na meno ya shafti ya mbele, na flenji ya gia boksi kama ipo. Kama kipande cha nyuma kinateleza kwa meno, weka alama pande zote mbili za meno pia, maana kikichomoka na kurudishwa jino moja mbali, masikio hayatakuwa kwenye mstari mmoja tena. Rangi peke yake hufutika na oili. Piga kidoti kidogo cha panchi kwenye ukingo wa flenji, kisha paka rangi juu yake. Usipige kwenye bomba. Bomba ni bati jembamba na mbonyeo mdogo hubadilisha balansi.

Fungua flenji ya difu kwanza, bolti nne. Kwa Toyota nyingi ni spana ya 14. Shafti ikiachia usiiache ining'inie kwenye krosi. Ifunge kwa kamba kwenye chasisi au iweke juu ya stendi. Fungua flenji ya katikati, toa kipande cha nyuma. Halafu bolti mbili za braketi. Hapo kuwa macho: kati ya braketi na chasisi kunaweza kuwa na vibati vya kujazia. Si takataka. Viliwekwa ili kupata kimo na pembe, kwa hiyo andika vilikuwa vingapi na upande gani.

Kwenye gari ambalo kichwa cha mbele kinaingia ndani ya mkia wa gia boksi, oili itatoka ukikichomoa. Inua nyuma ya gari kuliko mbele, uwe na plagi au mfuko wa nailoni na mpira wa kufungia tayari, na chombo chini.

Kubadilisha

Nati ya katikati imegongwa ndani ya mfereji wa shafti. Inua sehemu iliyogongwa kwa tindo nyembamba hadi itoke kabisa mferejini. Anayeruka hatua hii huvua nyuzi za shafti zinazofungia nati, pamoja na nati yenyewe, na shafti hiyo haina dawa. Pima nati kabla ya kwenda kuazima boksi spana.

Flenji lazima izuiwe isizunguke wakati wa kufungua. Chukua chuma bapa cha mita moja, toboa matundu mawili, kifunge kwenye matundu mawili ya flenji kwa bolti, ncha nyingine ikae sakafuni. Usibane bomba la propela kwenye jiliwa. Kama lazima ubane, bana sehemu ya masikio, na vipande vya mbao pande zote mbili.

Nati ikitoka, vuta flenji kwa pula. Flenji inayogongwa kwa nyundo kutoka nyuma hupinda masikio, na ikishapinda utatafuta mtetemo huo mwaka mzima. Kisha vuta beringi, pula ishike pete ya ndani. Pete ikibaki imeng'ang'ania shafti, isage kwa grainda hadi karibu kukata, uache milimita moja hivi, halafu weka tindo kwenye mfereji huo na pigo moja litaipasua. Vaa miwani: chuma cha beringi ni kigumu na vipande vyake hukata.

Safisha shafti kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, halafu iangalie pale beringi ilipokaa. Pakiwa panang'aa na pana rangi ya bluu, au beringi mpya inaingia kwa mkono bila kupingwa, pete ilikuwa inazunguka juu ya shafti na kuila. Hapa kuna desturi mbaya mbili. Ya kwanza ni kupiga vidoti vya panchi kuzunguka shafti ili ishike beringi. Itashika wiki chache, juu ya ncha tu, kisha italegea. Ya pili ni kujaza welding na kusaga kwa mkono. Joto hupinda shafti na mduara haupatikani kwa mkono hata wa fundi stadi. Peleka kwa mchonga vyuma mwenye mashine ya leth, au tafuta shafti nyingine. Akiwa nayo kwenye leth, mwambie apime pia kama bomba limepinda: kwa Toyota, zaidi ya milimita 0.8 katikati ya bomba ni ya kubadilisha.

Kuweka mpya kunataka uvumilivu zaidi kuliko nguvu. Kwanza angalia ya zamani ilielekea wapi. Braketi nyingi zina mdomo uliokatwa au upande ulioingia ndani, na ikigeuzwa hufunga lakini mpira unakaa umevutwa mbele au nyuma muda wote. Tafuta bomba ambalo mdomo wake unakaa juu ya pete ya ndani tu, na isukume kwa presi, au kwa nyundo ukigonga bomba kidogo kidogo. Ukigonga pete ya nje au mpira, unapitisha pigo kwenye gololi, na beringi mpya inaanza maisha na mabonde. Rudisha vikinga vumbi. Paka grisi ya lithium namba 2 kwenye meno, panga alama, ingiza flenji.

Sasa nati, na hapa vitabu vya Toyota vya pikapu viko wazi ilhali gereji nyingi hufunga kwa mkono hadi "imeshika". Nati mpya hukazwa kwanza hadi Nm 181 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia). Hilo ni la kuisukuma flenji na beringi zikae hadi mwisho. Kisha inalegezwa. Kisha inakazwa upya hadi Nm 69, na hicho ndicho kipimo cha kubaki nacho. Ukiiacha kwenye ile ya kwanza, nati na nyuzi zake vinabaki vimevutwa kupita kiasi. Ukianza na 69 moja kwa moja, flenji haijakaa, na baada ya siku chache nati inakuwa imelegea bila kufunguka. Mwisho gonga ukingo wa nati uingie kwenye mfereji wa shafti. Kwa Canter na Isuzu vipimo ni vingine; fuata kitabu cha gari lako.

Huna torki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza? Shafti ikiwa imelala mezani, chuma cha kukazia kiwe mlalo, na ndoo ya maji ining'inie mita moja kamili kutoka katikati ya nati. Lita moja ya maji ni kilo moja. Nm 181 ni kilo 18.5 kwenye umbali huo, na Nm 69 ni kilo 7. Hesabu uzito wa ndoo, na nusu ya uzito wa chuma chenyewe: chuma cha kilo 2 ni kilo 1 ya kutoa kwenye maji. Iachie ndoo taratibu, usiirushe. Si sahihi kama torki renchi nzuri, lakini ni sahihi mara nyingi kuliko bega la mtu.

Kurudisha

Rudisha kipande cha mbele, funga bolti za braketi kwa vidole tu, na vile vibati kama vilivyokuwa. Unganisha kipande cha nyuma kwa alama zake, flenji zote Nm 74. Kabla hujakaza braketi, shusha gari likae juu ya magurudumu yake, bila mzigo, lisukume mbele na nyuma mita chache ili propela izunguke mara kadhaa na mpira ujipange wenyewe. Ndipo uingie chini tena. Braketi isimame wima kwa mstari wa shafti, isiegemee mbele wala nyuma. Isogeze kwenye matundu yake hadi iwe hivyo, kisha kaza Nm 36. Wengi huikaza braketi kwanza gari likiwa juu, na mpira unabaki umejikunja tangu siku ya kwanza.

Ongeza oili ya gia boksi kama ilimwagika, hadi ifike ukingo wa tundu la kujazia gari likiwa tambarare.

Jaribu gari likiwa tupu, kisha na mzigo wake wa kawaida, mlimani, kwa gia ya kwanza. Baada ya kilomita kama 100 rudi chini na spana, pitia bolti za flenji na za braketi. Kama mtetemo wa kuondoka umeisha lakini kuna mvumo mdogo kwenye 70 au 80 ambao haukuwepo, angalia alama zako zote, na kwamba masikio ya pande mbili za kipande cha nyuma yako kwenye mstari mmoja. Zikiwa sawa, au kama aliyekutangulia hakuweka alama, fungua flenji ya difu, zungusha propela nusu mzunguko, funga, jaribu tena. Mara nyingi kupinda kidogo kwa flenji na kupinda kidogo kwa propela vilikuwa vimekutana upande mmoja, na nusu mzunguko huvifanya vipingane. Mvumo ukizidi, irudishe ilipokuwa na uipeleke propela nzima, vipande vyote viwili vikiwa vimeunganishwa, kwenye mashine ya balansi.